Mti Uliolazwa Barabarani: Burundi Ilivyoingia Vitani Mwaka 1993

Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1993, kwenye vilima vingi vya Burundi, watu walitoka na mashoka wakaanza kuangusha miti. Miti ililazwa ikaziba barabara, na madaraja yakabomolewa. Usiku wa kuamkia siku hiyo wanajeshi walikuwa wamemkamata Rais Melchior Ndadaye jijini Bujumbura, na habari zilishafika vilimani. Wengi wa waliokata miti walikuwa Wahutu, na hesabu yao ilikuwa fupi: jeshi linakuja kutumaliza kama lilivyofanya mwaka 1972, basi lisipite. Ila kwenye kilima hichohicho ilikuwapo familia ya Kitutsi iliyousikia mti ukianguka ikaelewa jambo jingine. Njia ya kukimbilia imefungwa.

Mti ulikuwa mmoja. Aliyeulaza alidhani anajikinga, na jirani yake akauona ni mtego. Nimeanza na mti huo kwa kuwa ndani yake kuna karibu kila kitu tunachohitaji ili kuelewa jinsi nchi inavyofika mahali ambapo hata anayetaka amani anaona hana budi kushika panga.

Watu wengi huku kwetu, wakiulizwa kwa nini Warundi waliuana, hujibu kwa neno moja, ukabila, halafu mazungumzo yanaisha. Neno hilo lina ukweli wake, lakini haliwezi kujibu swali la msingi: kama chuki ndiyo ilikuwa chanzo, kwa nini vita vilizuka mwaka 1993, miezi minne tu baada ya uchaguzi ambao dunia nzima iliusifu? Na tazama makabila yenyewe. Wahutu, Watutsi na Watwa wa Burundi wanazungumza Kirundi kilekile. Hakuna mkoa wa Wahutu wala mkoa wa Watutsi. Mashamba yamepakana kwenye kilima kimoja. Wamesali kanisa moja, wameoana, na ugomvi wao umeamuliwa na abashingantahe walewale, wazee waliotawazwa kwa uadilifu wao. Hata zile asilimia zinazonukuliwa kila mahali, Wahutu 85, Watutsi 14, Watwa 1, ni makadirio ya zama za ukoloni ambayo yamerudiwa mpaka yakachukuliwa kuwa sensa.

Kabla ya Wazungu mamlaka hayakuwa ya Watutsi kwa jumla. Yalikuwa ya Mwami, yaani mfalme, na ya baganwa, koo za kifalme zilizojihesabu kando, nazo ziligombana zenyewe kwa zenyewe. Wahutu nao walikuwamo miongoni mwa watawala wa ngazi za chini. Wabelgiji, waliochukua nchi kutoka kwa Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, walipopanga upya utawala wao walipunguza idadi ya machifu na kuwaondoa Wahutu. Tofauti iliyokuwa na milango ikageuzwa ukuta. Hata hivyo ukuta huo haukuwa umemaliza kila kitu, na ushahidi ni Louis Rwagasore.

Rwagasore alikuwa mtoto wa Mwami Mwambutsa, mume wa mwanamke wa Kihutu, rafiki wa Julius Nyerere, na mtu aliyejenga chama chake cha UPRONA kwa kuanzia na watu wa kawaida, wakiwemo Waswahili wa mtaa wa Buyenzi. Septemba 1961 UPRONA ilishinda viti 58 kati ya 64, kwa kura za Wahutu na Watutsi pamoja. Wiki mbili baada ya kuwa waziri mkuu, tarehe 13 Oktoba 1961, alipigwa risasi akiwa mezani kwenye hoteli mjini Usumbura, jina la Bujumbura ya wakati huo. Aliyefyatua alikuwa Mgiriki, na waliompanga walikuwa wapinzani wake wa kisiasa kutoka ukoo mwingine wa kifalme. Kwa maneno mengine, mauaji yaliyoivunja Burundi hayakuwa na uhusiano na Uhutu wala Ututsi. Lakini yalimwondoa mtu pekee ambaye pande zote mbili zilimwita wetu. Baada yake UPRONA ikapasuka, na mpasuko ukafuata mstari wa kabila.

Kuanzia hapo ugomvi ukahama kutoka kwenye kura kwenda kwenye bunduki. Januari 1965 waziri mkuu Mhutu, Pierre Ngendandumwe, aliuawa wiki moja tu baada ya kuteuliwa. Mei mwaka huohuo Wahutu walipata viti 23 kati ya 33 bungeni, lakini Mwami akamteua muganwa, mtu wa zile koo za kifalme, kuwa waziri mkuu. Oktoba maofisa wa Kihutu wakajaribu mapinduzi, wakashindwa, na waliofuata kuuawa ni maofisa na wanasiasa wa Kihutu. Mwaka 1966 Kapteni Michel Micombero aliuondoa ufalme. Yeye na marais wawili waliomfuata, Jean-Baptiste Bagaza na Pierre Buyoya, walitoka tarafa moja, Rutovu, mkoani Bururi, na wote watatu waliingia madarakani kwa mtutu. Tafakari maana yake kwa nchi isiyo na madini mengi wala viwanda, yenye kahawa na mashamba madogo tu. Ngazi ya kupandia maisha ilikuwa moja, nayo ilikuwa serikali, na mlango wa serikali ulikuwa jeshi.

Kisha ukaja mwaka 1972. Tarehe 29 Aprili waasi wa Kihutu walivamia kusini, maeneo ya Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua Watutsi kwa maelfu, wanawake na watoto wakiwamo. Jibu la serikali halikuishia kwa waasi. Kwa miezi kadhaa jeshi na vijana wa chama walipita na majina: walimu, wauguzi, makarani, mapadre, wafanyabiashara, wanafunzi. Watu waliitwa ofisini wakaenda wenyewe, wakapakiwa kwenye malori. Makadirio huanzia laki moja na kupanda hadi laki tatu. Warundi wanauita mwaka huo Ikiza, yaani balaa kuu. Waliouawa waliitwa abamenja, wasaliti, na kwa sababu hiyo wajane wao hawakuruhusiwa hata kulia hadharani. Waliokimbilia Tanzania walifungua mapori ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo, na watoto wao wakakua wakisimuliwa habari hizo usiku. Ni huko Mishamo, mwaka 1980, ambako Palipehutu, chama cha kupigania ukombozi wa Wahutu, kilianzishwa.

Ikiza kilileta jambo ambalo hesabu ya maiti peke yake haiwezi kulionyesha. Kiliwapa Wahutu somo kwamba anayetii wito wa serikali anakufa, kwa hiyo safari nyingine usingoje. Na Watutsi nao walikuwa na somo lao. Walikumbuka Aprili ile ya Rumonge. Zaidi ya hapo waliwaona kwa macho maelfu ya wakimbizi wa Kitutsi kutoka Rwanda, waliofukuzwa tangu mwaka 1959 pale Wahutu waliposhika dola, nao wakajiambia: wengi wakitawala, haya ndiyo yatakayotupata, na kinachotukinga ni jeshi peke yake. Kila upande ulikuwa na makaburi ya kuonyesha. Kila upande ulikuwa na haki ya kuogopa. Na hapakuwa na mahakama wala tume wala hata sala ya pamoja ya kuyaweka makaburi hayo kwenye simulizi moja, kwa hiyo watoto wa kilima kimoja walikua na historia mbili zisizokutana. Naamini ukimya huu ulifanya kazi kubwa kuliko chuki. Chuki hupoa watu wakiishi pamoja, lakini hofu isiyosemwa huzidi kukomaa.

Agosti 1988 hofu hiyo ililipuka Ntega na Marangara, kaskazini. Wahutu waliamini jeshi linakuja kurudia mambo ya 1972, wakawaua majirani zao Watutsi. Jeshi likaja kweli na kuua maelfu. Utabiri ulitimia kwa sababu watu waliuamini.

Buyoya, ambaye alikuwa ametwaa madaraka mwaka 1987, alishtuka. Hapa ni haki kumpa sifa yake: alimteua Mhutu, Adrien Sibomana, kuwa waziri mkuu, akaunda baraza lenye uwiano, akapitisha Hati ya Umoja wa Kitaifa mwaka 1991 na katiba ya vyama vingi mwaka 1992. Lakini jeshi hakuligusa. Tarehe 1 Juni 1993 wananchi wakapiga kura, na Ndadaye wa FRODEBU, chama kilichoungwa mkono zaidi na Wahutu, akapata karibu asilimia 65. Mwisho wa mwezi FRODEBU ikachukua viti 65 kati ya 81 bungeni. Buyoya alikubali kushindwa na akakabidhi ofisi. Wageni wakapiga makofi.

Makofi hayo yalificha jambo. Kwa siku moja nchi ilikuwa imegawa dola vipande viwili: kura zote upande mmoja, bunduki zote upande mwingine. Tunazoea kusema uchaguzi humaliza ugomvi. Uchaguzi humaliza ugomvi pale ambapo aliyeshindwa ana hakika kwamba atabaki hai, atabaki na kazi, na baada ya miaka mitano anaweza kushinda. Mtutsi wa Bujumbura aliyesoma matokeo ya Juni 1993 kama hesabu ya makabila aliona kwamba hatashinda tena milele. Alikosea kidogo, kwa sababu wapo Watutsi waliomchagua Ndadaye na Wahutu wengi waliomchagua Buyoya. Lakini hofu haina muda wa kuchambua takwimu.

Ndadaye alilijua hilo. Alikuwa mtu wa benki, aliyekimbilia Rwanda akiwa mwanafunzi mwaka 1972 na kurudi mwaka 1983, na hakuwa na kiu ya kisasi. Alimteua Sylvie Kinigi, mwanamke wa Kitutsi kutoka UPRONA, kuwa waziri mkuu. Hata hivyo ahadi za kampeni zilikuwa zinadai kutekelezwa. Watu wa FRODEBU walipewa mikoa na tarafa, na waliozoea nafasi hizo wakajikuta nje. Wakimbizi wa 1972 walianza kurudi na kuulizia mashamba yao, na mashamba yalikuwa na watu. Zaidi ya yote, kulikuwa na mpango wa kubadilisha namna ya kuandikisha askari ili watoke kila pembe ya nchi. Kila moja ya hatua hizo ilikuwa ya haki. Zote kwa pamoja, ndani ya miezi mitatu, zilimwambia mwenye bunduki kwamba dirisha linafungwa: ama afanye jambo sasa, ama asiweze kulifanya tena.

Usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 Oktoba magari ya deraya yalizunguka ikulu. Ndadaye alipelekwa kambini na kuuawa. Waliuawa pia Pontien Karibwami, spika wa bunge, na Gilles Bimazubute, naibu wake, ambaye alikuwa Mtutsi. Vifo hivi viwili watu huvipita haraka, nami nasisitiza tuvitazame. Kwa katiba, rais akifa, spika ndiye anayeshika nafasi. Waliopanga mauaji walikuwa wameisoma katiba, wakaenda kuua mtu baada ya mtu kwa mpangilio wake, ili pasiwe na yeyote wa kusema: tulieni, mimi ndiye kiongozi sasa. Mawaziri waliosalia walijificha, wengine kwenye ubalozi wa Ufaransa. Simu zilikatwa, redio ya taifa ikanyamaza. Habari ziliingia vilimani kupitia Redio Rwanda kutoka Kigali, zikiwa na sauti za wanasiasa wa FRODEBU waliokuwa huko zikihimiza watu wasikubali. Nchi ilikuwa na hofu ya miaka 21, na asubuhi hiyo haikuwa na sauti moja ya kuaminika.

Hapo ndipo miti ikakatwa. Watutsi, na Wahutu wa UPRONA, walikamatwa na kushikwa kama dhamana: rais akirudishwa mtaachiwa. Rais hakurudi. Katika eneo la Kibimba, wanafunzi wa Kitutsi kwa makumi walifungiwa ndani ya kituo cha mafuta na kuteketezwa kwa moto. Siku tatu baadaye, tarehe 24 Oktoba, kwenye uwanja wa askofu mjini Ruyigi, Watutsi waliokuwa na kisasi waliwaua Wahutu 72 waliokuwa wamejificha humo. Marguerite Barankitse, Mtutsi aliyejaribu kuwakinga, alifungwa kitini akalazimishwa kutazama, kisha akawaokoa watoto 25 na kuanza kulea yatima wa pande zote. Jeshi nalo lilipita na kulipiza bila kuchagua. Katika wiki chache walikufa watu wanaokadiriwa kufika elfu 50, na laki saba hivi wakavuka mipaka, wengi wakiingia Rwanda na Tanzania. Tume ya Umoja wa Mataifa iliandika mwaka 1996 kwamba vitendo vya mauaji ya kimbari vilifanyika dhidi ya Watutsi. Warundi wengi wa Kihutu huuliza mbona Ikiza hakikuandikwa hivyo mapema. Swali hilo haliondoi ukweli wa Kibimba hata chembe, na Kibimba haifuti Ikiza.

Je, hivi tayari vilikuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe? Bado. Yalikuwa mauaji na mapinduzi yaliyoshindwa, maana baada ya siku chache wapinduzi walikosa wa kuwaunga mkono na jeshi likadai linaitii serikali. Mlango ulikuwa bado wazi kidogo. Ulifungwa polepole katika miezi 18 iliyofuata, na sehemu hii husahaulika kwa sababu haina tarehe moja ya kukumbukwa.

Cyprien Ntaryamira, aliyechaguliwa na bunge kuwa rais Januari 1994, aliuawa tarehe 6 Aprili kwenye ndege ileile aliyofia Juvénal Habyarimana, rais wa Rwanda, mjini Kigali. Burundi ikatazama mauaji ya kimbari ya Rwanda kutoka ng'ambo ya mpaka, na kila Mtutsi akaona hofu yake ikithibitishwa. Jijini Bujumbura makundi ya vijana wa Kitutsi, mojawapo likijiita Sans Échec, yaliitisha migomo ya kulifanya jiji life kwa siku nzima. Ajabu ni kwamba migomo ilifanya kazi: kila mgomo ulizaa mazungumzo, na kila mazungumzo yakaondoa kipande cha ushindi wa 1993. Kufikia Septemba 1994 mkataba wa serikali uliwapa walioshindwa asilimia 45 ya nafasi. Kijana wa Kihutu wa mtaa wa Kamenge, Bujumbura, aliyepiga kura kwa mara ya kwanza alijifunza kwamba kura haina nguvu, yenye nguvu ni fujo. Somo hilo likawa askari mwandikishaji bora kuliko hotuba yoyote.

Mitaa ikachujwa. Kamenge na Kinama ikabaki ya Wahutu. Ngagara, Nyakabiga na Musaga ikawa ya Watutsi. Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ambako watu walijitambulisha kwa dini na lugha kabla ya ubwoko, yaani kabila, na kuwahifadhi waliokimbia pande zote, nao ulivamiwa Machi 1995 pamoja na Bwiza. Juni mwaka huo wanafunzi wa Kihutu waliuawa chuo kikuu. Mwalimu kijana wa michezo aliyenusurika, ambaye baba yake mbunge aliuawa mwaka 1972, aliingia msituni. Jina lake Pierre Nkurunziza. Huko alikikuta chama cha CNDD, kilichoanzishwa na Léonard Nyangoma mwaka 1994, na jeshi lake la FDD, likiwa na kambi upande wa Zaire. Sasa kulikuwa na majeshi mawili, na Julai 1996 Buyoya aliporudi kwa mapinduzi, hapakuwa tena na serikali ya kuipinga kwa kura. Warundi huviita vita hivyo krizi, neno dogo kwa miaka zaidi ya kumi na roho zinazokadiriwa kufika laki tatu.

Wapo waliokataa. Tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliingia seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana wakashikana. Waliuawa 40. Nataja Buta kwa sababu inavunja kile kisingizio kwamba damu ya kabila huwaka yenyewe. Vijana hawa walikuwa wamekaa miaka wakizungumza waziwazi kuhusu kabila, chini ya walimu waliothubutu kuwaachia wazungumze.

Mazungumzo ya aina hiyo kwa taifa zima yalifanyikia Arusha, chini ya Nyerere mpaka alipofariki mwaka 1999, kisha chini ya Nelson Mandela. Mkataba wa tarehe 28 Agosti 2000, pamoja na katiba ya mwaka 2005 iliyojengwa juu yake, ulilenga pale hasa palipokuwa na jeraha: Wahutu asilimia 60 na Watutsi 40 serikalini na katika Bunge la Taifa, na nusu kwa nusu jeshini. Wapo waliosema kugawa vyeo kwa kabila ni kuukuza ukabila. Naelewa hoja yao, lakini naona hawakuusoma ule mti. Mtutsi alihitaji kujua kwamba wengi hawatamfuta, Mhutu alihitaji kujua kwamba jeshi si la wengine, na hakuna hotuba ya umoja ambayo ingemhakikishia yeyote kati yao. CNDD-FDD ilitia saini mwaka 2003, Nkurunziza akawa rais mwaka 2005. Mwaka 2015 alipogombea muhula wa tatu, risasi zilirudi Bujumbura, lakini safari hii waandamanaji walitoka makabila yote, na jaribio la mapinduzi liliongozwa na jenerali Mhutu aliyekuwa mwenzake wa msituni.

Kibimba kuna mnara wa kumbukumbu. Kwa Ikiza kila mtu alibaki na kumbukumbu yake tu. Mwanzoni mwa mwaka 2020, karibu na Mto Ruvubu mkoani Karuzi, tume ya ukweli na maridhiano ilifukua makaburi sita ya halaiki na kutoa mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Majina hayakuwapo. Ndugu waliokuja kutafuta waliwatambua baadhi kwa nguo, miwani na rozari.